Somo la Ibrahimu kwa Watoto Wasiosikia

Wenzangu mnaobaki na chaki,

Siku ile ya kuniaga mliniomba niseme machache, nami nikasema machache kweli, maana chai ilikuwa inapoa na mwakilishi wa wazazi alikuwa bado na hotuba mkononi. Baadaye Madam Lilian alinifuata hadi getini akaniambia, "Hukutuachia kitu cha kutumia Jumatatu." Basi haya ndiyo ya Jumatatu. Vyeo sitavitaja. Vilikuja vimechelewa, na kimoja nadhani kilipotelea njiani.

Nilianza kazi nikiwa sikuiomba. Nilikuwa nimesomea kufundisha Kiswahili na dini, nikatarajia shule ya kawaida yenye kelele za kawaida. Nikatumwa kwenye kitengo cha watoto viziwi, pembeni mwa shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, mahali ambapo ukisimama kwenye mlango wa jikoni unaliona ziwa. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Hamjambo, watoto," kwa sauti iliyokuwa imenipa sifa katika kwaya ya chuo. Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa wanatazama dirishani, ambako punda alikuwa anaila kofia ya mlinzi.

Mwalimu Okelo ndiye aliyeniokoa. Alikuwa amekaa nyuma ya darasa, mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa, kiziwi tangu homa ya utotoni. Aliinuka, akapiga sakafu kwa kisigino mara moja, na darasa zima likageuka. Kisha akaandika ubaoni: *Umeanza na mdomo. Anza na mguu.* Nilicheka, yeye hakucheka. Nilikuja kujua kwamba Okelo akitania, uso wake hubaki kama wa mtu anayesoma tangazo la mazishi.

Yeye ndiye aliyenifundisha lugha ya ishara, na ndiye aliyenifundisha kazi. Vifaa vyetu vilikuwa kioo kikubwa chenye ufa, ngoma ya kuweka sakafuni, picha zilizokatwa kwenye kalenda za zamani, na puto ambalo mtoto alilishika shavuni ili ahisi sauti inavyotetemeka. Puto lile liliwapendeza wakaguzi wa elimu kuliko lilivyowasaidia watoto. Okelo aliniambia niliweke kabatini, nilitoe gari la mkaguzi likionekana. Msidharau ushauri huo.

Nilipangiwa somo la dini, na hapo ndipo nilipokwama mapema kabisa, kwenye Ibrahimu.

Fikirieni wenyewe. Ibrahimu aliisikia sauti ya Mungu, akatii. Musa alisikia, Samweli alisikia. Katika Kiswahili chetu mtoto mtundu tunasema hasikii, na mtoto mwema tunamwita msikivu. Kwa Kijaluo *winjo* ni kusikia na ni kutii pia, neno moja tu. Mchungaji mmoja aliyesoma Kiebrania aliniambia kwamba hata kule kwa manabii mambo ni hayo hayo, kusikia na kutii vinakaa nyumba moja. Nami nilikuwa na darasa la watoto ambao masikio yao yalikuwa yamefungwa, na ishara ya kutii iliyotumika wakati ule darasani kwetu ilianzia sikioni. Msichana mmoja aligusa sikio lake, akatikisa kichwa, kisha akaninyooshea mkono kuniuliza: *Basi mimi siwezi?*

Nilimpelekea Okelo swali hilo wakati wa uji. Alilifikiria hadi kikombe kikaisha. Halafu akaweka kiganja kimoja wazi mbele ya kifua, na juu yake akatembeza vidole viwili vya mkono wa pili, kama mtu anayeondoka kwake bila kutazama nyuma.

"Mungu alimwambia aondoke kwao," aliashiria. "Akafungasha, akaenda. Hakusifiwa kwa masikio. Alisifiwa kwa miguu."

Tangu siku hiyo darasani kwetu kutii kulikuwa kiganja kilicho wazi na vidole vinavyotembea juu yake. Mkikutana na ishara nyingine vitabuni, tumieni ya vitabu, ila mjue kwamba hii yetu ilifanya kazi.

Akeyo aliletwa nikiwa nimeizoea kazi. Alikuwa na umri wa kama miaka kumi, wa Remba, kile kisiwa cha jiwe kilichojaa mabati na watu hadi ukikitazama kutoka ndani ya boti hulioni jiwe lenyewe. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake, Ouma, alikuwa mvuvi wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, mtu mpole mwenye shingo nene na maneno machache. Majirani walimzoea mtoto kwa jina la *ite odino*, yule ambaye masikio yake yameziba, na jina hilo lilikuwa halimfikii.

Baba na mtoto walikuwa na ishara zao za nyumbani: kula, lala, njoo, boti, samaki, moto. Zilitosha kwa maisha ya kisiwani. Lakini hawakuwa na ishara ya shule, wala ya kesho, wala ya nitarudi. Ouma alimshika mkono, akampandisha boti hadi Mbita, kisha gari hadi kwetu. Akamkabidhi kwa matroni, akampa biskuti, na alipoona mtoto ameduwaa akitazama watoto wenzake wakizungumza kwa mikono, akaondoka haraka akiwa ameinamisha kichwa. Nilimwona akifuta uso alipofika kwenye mti wa mwashoki nje ya geti. Mtoto hakumwona.

Alipogeuka na kukuta baba hayupo, alikwenda akakaa karibu na geti, uso barabarani. Alirudi pale kesho yake, na siku zilizofuata. Mimi nilitaka kumvuta aingie darasani, Okelo akanizuia. Alibeba kiti chake akaenda akakaa kando ya mtoto, naye akatazama barabara. Alifundisha darasa lake kutoka pale, watoto wengine wakamfuata na madawati. Mwalimu mkuu alipita akauliza shule imehamia getini tangu lini. Okelo alimjibu kwamba mwanafunzi mmoja amekataa kuja shuleni, kwa hiyo shule imekwenda kwake.

Akeyo aliingia darasani mwenyewe, asubuhi moja, kwa sababu Okelo alikuwa na picha za samaki na yeye alitaka kumsahihisha kwa ishara yake ya nyumbani. Baada ya hapo maneno aliyanywa kama mtu aliyekaa na kiu. Alikuwa akitaka ishara ya kila kitu, hata ya ukungu wa asubuhi ziwani, hata ya kutu. Muhula ulipofungwa, baba yake alikuja kumchukua. Akeyo alimtazama kwa muda mrefu, hakumkimbilia. Alikwenda akaleta sanduku lake, akasimama kando yake. Ouma aliniuliza kama mtoto amemkasirikia. Nikamwambia kwamba ni vizuri amwulize mwenyewe, naye akaitazama mikono yake kama mtu aliyeulizwa kitu kwa Kichina.

Mwaka uliofuata tulifika kwenye mlima wa Moria. Somo hilo ni zito hata kwa watu wazima, na mimi sikulikwepa kwa sababu liko kwenye silabasi na kwa sababu Okelo alikataa kulikwepa. Aliigiza Ibrahimu, mvulana mmoja akawa Isaka mwenye kuni, punda wa mlinzi akakataa kushiriki. Walipanda jukwaa la gwaride polepole. Isaka akauliza: kuni zipo, moto upo, kondoo yuko wapi? Ibrahimu akamjibu kwamba Mungu atajipatia. Tukafika hadi kisu, hadi malaika, hadi kondoo dume aliyenaswa kichakani. Watoto wakapumua.

Akeyo hakupumua. Alisimama.

"Isaka aliuliza," aliashiria.

"Ndiyo, aliuliza," nikajibu.

"Baba yake akamjibu."

"Ndiyo."

"Mimi sikuwa na mikono ya kuuliza." Akaelekeza kidole jukwaani. "Waliposhuka mlimani, Isaka alimshika baba yake mkono?"

Nilifungua Maandiko mbele yake nikatafuta. Tafuteni na nyinyi. Ibrahimu anashuka kwa watumishi wake, wanakwenda Beer-sheba, na kuhusu mtoto hakuna neno. Nikamwambia kwamba haisemi. Okelo akasogea akasema kwa mikono yake mikubwa, "Andiko limenyamaza. Sisi hapa tunajua kwamba kunyamaza hakumaanishi hakuna neno."

Akeyo alikaa, lakini hakuonekana ametosheka. Nami pia sikuwa nimetosheka.

Haukupita muda mrefu, Ouma akaja katikati ya muhula, wakati wa uji, akiwa amevaa shati lake la kanisani. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Madam, sikukuja kugombana," alisema. "Nimekuja kumchukua mtoto."

Alinieleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Mhubiri alikuwa amefika Remba, akahubiri juu ya imani ya Ibrahimu. Alisema kwamba mzazi akimweka mtoto kwenye shule ya viziwi ni kama amekubaliana na ugonjwa, na kwamba anayemtegemea Mungu humleta mtoto mbele, akaombewa, akapona. Ouma alisimama mbele ya watu wote akaahidi kumleta Akeyo.

"Wewe unaamini hivyo?" nikamwuliza.

"Mimi nimeahidi, Madam. Mungu, Nyasaye, si mtu wa kuahidiwa halafu unakaa."

Nikajaribu kumwambia kwamba Ibrahimu mwenyewe alikuwa mtu wa kuuliza. Kwa ajili ya Sodoma alisimama akajadiliana na Mungu, akipunguza idadi ya wenye haki kama mama wa sokoni anayepunguza bei. Ouma alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema taratibu, "Kwa Sodoma aliuliza. Kwa mtoto wake hakuuliza."

Andiko hilo alilijua. Alikuwa amelisoma kuliko nilivyotarajia, na alikuwa amelisoma akiwa na mtoto akilini.

Mwalimu mkuu alisema baba ana haki yake. Okelo akaniambia jambo moja tu: safari hii mtoto aambiwe. Basi Akeyo aliitwa, akasimama katikati yetu na masharubu ya uji mdomoni, nami nikawa mkalimani. Hapa nataka mnisikilize nyinyi vijana, maana mtakutana na siku kama hii. Ukiwa mkalimani hutii upande unaoupenda. Unatoa neno kama lilivyo, hata likikuuma. Nikamwambia, "Baba anataka kukupeleka Remba ukaombewe, usikie."

Akeyo akauliza, "Nitarudi?"

Nikamgeuzia Ouma swali. Alisema, "Akishasikia, atarudi kufanya nini?"

Nilitamani sana kulainisha jibu hilo. Nikalitoa kama lilivyo.

Mtoto alifikiri. Kisha akaweka kiganja wazi mbele ya kifua, vidole vikatembea juu yake. "Nitaenda. Ni baba yangu. Lakini mwambie, akitaka kuniacha mahali, aniambie kwanza."

Nilipomwambia Ouma maneno hayo, aliifunika sura yake kwa ile kofia. Alipoishusha, alisema, "Madam, njoo pia. Sitaki awe huko bila mdomo."

Okelo akasema atalishika darasa langu. Mwalimu mkuu akanipa ruhusa huku akiguna. Nikaenda.

Mkutano ulikuwa Jumapili mchana, kwenye uwazi mdogo kati ya mabanda, na omena, dagaa wa ziwani, wameanikwa kwenye nyavu pande zote mbili. Watu walijaa hadi wengine wakasimama ndani ya boti zilizovutwa nchi kavu. Mhubiri alikuwa kijana kuliko nilivyomfikiria, amekauka sauti kwa kazi ya siku nyingi, na hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu najua mnavyotaka awe mbaya. Alimsalimia Akeyo kwa kupiga goti ili macho yao yalingane, jambo ambalo wakaguzi wangu wa elimu hawakuwahi kulifanya.

Wakaimba, wakaomba. Alimwekea mikono masikioni. Watu walikuwa wanakanyaga jiwe kwa miguu, kisiwa kizima ni jiwe, na Akeyo akainua kichwa ghafla. Mhubiri akaliona.

"Mwulize, anasikia?"

Nikamwuliza. Akajibu, nami nikasema kwa sauti, "Anasema anasikia miguu yenu."

Vigelegele vikapigwa. Ouma alipiga magoti. Akeyo alinitazama, akaona midomo ya watu na mikono iliyoinuliwa, akaelewa walivyoelewa. Akatikisa kichwa kwa nguvu. "Masikio hapana," aliashiria. "Ni miguu. Jiwe linatetemeka." Nikangoja watulie kidogo, nikalisema na hilo.

Mhubiri alijifuta jasho. Alimwinamia tena akasema kwa upole kabisa, "Mwambie aseme kwa imani. Aseme, nasikia. Kusikia kutafuata."

Nikampa neno hilo. Akeyo alimtazama mhubiri, akamtazama baba yake aliyekuwa bado amepiga magoti, uso umeloa, akingoja. Watu wote walikuwa wanangoja. Ingekuwa rahisi sana. Alihitaji kuitikia kwa kichwa tu, na kisiwa kizima kingemwinua juu.

Akaniuliza, "Mungu anataka niseme uongo?"

Niligeuka nikaliuliza swali hilo kwa sauti, bila kuongeza kitu, kwa Kiswahili na tena kwa Kijaluo.

Nilisikia boti ikigongana na nyingine majini. Kisha akaondoa mikono yake masikioni mwa mtoto, akasimama, akasema kwa sauti yake iliyokauka, "Hapana. Hataki."

Angeweza kusema mengine. Mbele ya umati ule, baada ya vigelegele vile, lilimgharimu. Nimemheshimu kwa neno hilo hadi leo.

Akeyo akauliza kama na yeye anaweza kuomba. Mhubiri akakubali. Akafunga macho, akaanza kuomba kwa mikono yake, polepole mara nyingine, mara nyingine kwa haraka. Bibi mmoja mbele akanong'ona, "Sauti iko wapi?" Nikamwambia kwamba Hana, mama wa Samweli, aliomba hekaluni midomo ikicheza tu na sauti haikusikika. Kuhani alimdhania mlevi, lakini Mungu alimwelewa neno kwa neno.

"Basi tuambie anasema nini," yule bibi akasema.

Nilikuwa nayaona yote aliyosema. Nikamwambia, "Mama, mimi hutafsiri anayoambiwa mtu. Haya hatuambiwi sisi."

Akeyo alipofungua macho, yule bibi ndiye aliyemfuta pua kwa kanga yake.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu kidogo, Ouma alikaa juu ya rundo la nyavu, mimi nimekaa kwenye ukingo wa boti, na Akeyo karibu nasi akichagua magamba ya samaki juu ya jiwe.

"Niliahidi nitamleta," Ouma alisema. "Nimemleta. Sasa ahadi imekwisha au bado?"

"Wewe unaonaje?"

"Ibrahimu alifika juu, kisu mkononi, akaambiwa simama." Alivuta kipande cha uzi kwenye wavu. "Mtu akiwa ameshika kisu hasikii vizuri, Madam. Ameshajifunga moyo. Ameshasema ni lazima. Kama asingesikia ile mara ya pili?"

Nilimwambia kwamba nimefundisha somo hilo miaka mingi na sijawahi kulifikiria hivyo.

"Sisi tulihubiriwa kupanda," alisema. "Kushuka pia ni kutii."

Kisha akaniuliza jambo ambalo nilikuwa nimelingoja tangu siku ya geti. Alitaka kujua jinsi ya kumwambia mtoto wake, *nilikuwa nitarudi*. Nikamwonyesha. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kamba na maji, akalikosea, akasema kitu kingine kabisa kuhusu ng'ombe. Akeyo aliinua kichwa, akacheka. Akaja akaishika ile mikono, akaikunja ilivyotakiwa, na Ouma akalisema tena: *Siku ile. Nilikuwa nitarudi.*

Mtoto alimtazama. Akauliza, "Mbona hukuniambia?"

Nikamfasiria. Ouma hakungoja nimwonyeshe. Alinyoosha mikono yake miwili mbele, mitupu, akaigeuza juu na chini.

Akeyo akakaa kwenye nyavu kando yake, akaegemea bega lake. Nami nikaenda kuangalia boti, ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

Walirudi shuleni wote wawili asubuhi ya Jumanne. Ouma aliomba kukaa nyuma ya darasa, akakaa kwenye dawati la watoto magoti yakimgusa kidevu, na tangu hapo kila uvuvi ulipofungwa ziwani alikuja kusoma. Okelo alimfundisha bila huruma. Alikuwa mwanafunzi mgumu. Ishara ya *subiri* na ya *kojoa* alizichanganya hadi mwisho, na darasa zima lilimpenda kwa hilo.

Mimi nilihamishiwa Migori baadaye, kwenye kitengo kidogo kisicho mbali na Osiri, ambako mashine za kusaga mawe ya dhahabu zilitetemesha sakafu siku nzima. Ngoma yangu haikufua dafu, watoto waligeukia mashine kila nilipoipiga. Nikajifunza kupunga kitambaa chekundu. Vifaa vya masikioni viliingia vumbi hadi nikazoea kuvisafisha kwa brashi ya rangi ya kucha. Huko nilikaa hadi mliponiaga. Okelo alistaafu kabla yangu, akafariki akiwa kwake, na kwenye mazishi yake waliokuwa wanafunzi wake walizungumza kwa mikono hadi waliokuja na vipaza sauti wakavizima. Nadhani angekaa na uso wake ule ule wa tangazo.

Mwezi uliofuata baada ya kustaafu nilivuka kwenda Remba. Akeyo ni mama mwenye watoto, ana nyavu zake za kuanikia omena na wanawake wanaomfanyia kazi. Mumewe anasikia, ni fundi wa injini, mtu wa utani. Jumapili nilikwenda nao kanisani. Ouma alikuwa kwenye benchi la mbele. Nilimsalimia kwa sauti, hakugeuka. Injini za boti zilikuwa zimemla masikio miaka yote ile, kidogo kidogo, na sasa hayakubakisha kitu. Nilimgusa bega, akageuka, uso ukafunguka, akanisalimia kwa mikono.

Siku hiyo Akeyo ndiye aliyepangiwa kusoma. Yeye husoma kwenye kitabu na kutoa kwa ishara, na mumewe husimama kando akilisoma lile lile kwa sauti kwa ajili ya wengine. Lilikuwa somo refu na kavu, la majina ya watu waliojenga ukuta wa Yerusalemu baada ya uhamisho, fulani mwana wa fulani alijenga kipande hiki, na baada yake fulani. Nilidhani mzee atasinzia. Hakusinzia. Akeyo alikuwa amempa kila mjenzi jina la ishara, huyu mwenye ndevu, yule mwenye kitambi, mwingine anayetembea akichechemea, na alikuwa akienda taratibu kwa ajili ya macho ya baba yake, akirudia pale alipoona amekunja paji la uso.

Mumewe alimaliza kusoma. Kanisa zima likaitikia Amina, watu wakaketi, mchungaji akafungua mdomo kuanza mahubiri, akaona, akaufunga. Akeyo alikuwa bado anao wajenzi. Aliwamaliza mmoja mmoja hadi ukuta ukakutana, akashusha mikono.

Ouma akasema, "Amina," peke yake, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia.